Ndege Aliyoiacha Mume Wangu

Nina miaka arubaini na mbili, mama wa watoto watatu, na naishi Khuwair ya Kusini, hapa Maskati. Ukinikuta harusini utaona mwanamke mtulivu, aliyevaa vizuri, ambaye mumewe humngojea nje kwenye gari bila ya kunung'unika. Wenzangu hunambia nina bahati... Laiti wangejua!

Nimesoma mikasa mingi ya wanawake walioporwa waume zao. Mimi wangu sikuporwa. Yupo. Hata sasa ninapoandika namsikia akikohoa chumba cha pili. Na huko kuwepo kwake ndiko kulikonigharimu.

Niliolewa na Nassor nikiwa na miaka ishirini na mbili, mwaka mmoja kabla ya vita vya Kuwaiti. Wazee wetu wote ni wa Unguja, tumelelewa mtaa mmoja, na mimi nilimpenda tangu kabla hajanijua. Alikuwa rubani katika kampuni moja ya ndege za mizigo. Jina lake sitalitaja, na siku hizi haipo tena.

Lakini Nassor hakuwa rubani wa kawaida. Kazi yake ilikuwa kujaribu ndege. Ndege ikishatoka mikononi mwa mafundi, imebadilishwa injini au imeungwa bawa, lazima awepo mtu wa mwanzo wa kuirusha. Akirudi salama, wenzake wanaipanda. Asiporudi... ndipo watu wanajua kwamba haikutengenezeka.

Vita vilipoanza, kampuni ile ilipata kazi kuliko ilivyoweza kubeba. Ndege zilikuwa zikienda na mizigo kaskazini na kurudi zimejaa mchanga kwenye injini. Zinatengenezwa mbiombio, zinatakiwa kesho. Na kila moja ilimpitia mume wangu kwanza!

Nilikuwa na mimba ya mwanangu wa kwanza, Ahmed, siku magurudumu ya ndege yalipokataa kutoka. Nassor alitua kwa tumbo la ndege. Alivunjika nyonga na mbavu. Pale hospitali, mama yake, Bi Zuwena, hakulia. Alimshika mkono akamtaka aahidi mbele yetu sote kwamba hatajaribu ndege tena maisha yake. Nassor akaahidi. Alipopona akaacha kazi, akaingia ofisi moja ya bima.

Nilidhani mambo yamekwisha. Miaka zaidi ya kumi alikwenda ofisini na kurudi. Alikuwa mume mwema... lakini alikuwa kama mtu aliyekaa chumba cha kungojea daktari. Hakasiriki, hafurahi. Ndege ikipita juu ya nyumba, anaacha kutafuna mpaka sauti ipotee.

Katika miaka hiyo mdogo wangu, Badar, naye akawa rubani. Nani mwengine alimtia hamu hiyo kama si Nassor? Tangu Badar yuko skuli alikuwa akija kwetu kukaa miguuni pa shemeji yake na kuuliza habari za ndege. Alipomaliza mafunzo aliajiriwa na kampuni ileile, kupeleka mizigo. Alimuoa Zamzam, msichana mcheshi, wakapanga nyumba Hamriya juu ya maduka ya washonaji. Mamangu hakuwa na mtoto wa kiume mwengine. Badar ndiye alikuwa taa ya nyumba yetu.

Kisha vikaja vita vya Iraki.

Mwaka ule nikaanza kumuona mume wangu amebadilika. Kila Alkhamisi, siku ya mapumziko, aliniaga kuwa ana kazi ya ziada ofisini. Alirudi alasiri shingo imeungua kwa jua, amekwisha koga, ananukia sabuni ambayo haikuwa ya nyumbani kwangu. Na alikuwa na furaha! Anaimba bafuni. Anacheza na watoto. Wewe mwanamke mwenzangu, ungefikiri nini?

Nilijitayarisha moyo. Siku moja nikamkabili, nikamwambia kama ameoa, aseme tu, nisiyasikie kwa watu. Alinitazama, akacheka. Kisha akasimama, akachukua msahafu kabatini, akaniambia niape kwanza kwamba atakalonambia sitalitoa nje, na hasa halitamfikia mama yake.

Nikaapa... Niliapa kabla ya kujua ninaapia nini!

Hakuwa na mke wa pili. Kampuni ile ilikuwa imemwita tena. Vita vimewazidi, wanaojua kujaribu ndege hawapo, na karakana yao ya Rusayl inatoa ndege kuliko watu wa kuzirusha. Kila Alkhamisi alikwenda kwenye kiwanja chao kidogo huko jangwani, akajaribu ndege, akakoga ili asinuke mafuta, akarudi kwangu.

Nilimwambia afadhali angekuwa na mke. Nilikuwa nasema kweli.

Nikamuuliza kwa nini. Fedha tulikuwa nazo za kutosha. Akanijibu maneno ambayo nayakumbuka mpaka leo.

"Ofisini mimi ni mtu wa makaratasi, Mama Ahmed. Kule nikifunga mlango wa ndege, hakuna anayejua kama itaruka. Hata walioitengeneza hawajui. Nnajua mimi, wa mwanzo. Hapo ndipo najihisi mzima."

Alipoona machozi yangu akaongeza jengine.

"Na hizi ndege nnazozijaribu, anakuja kuzipanda Badar, naye na mkewe wanaijua siri hii. Unataka nduguyo apande kitu ambacho hakuna aliyekijaribu?"

Mnaona nilivyofungwa? Nikisema, nimevunja yamini. Nikimzuia, nimemtupa mdogo wangu. Nikinyamaza, kila Alkhamisi naweza kuwa mjane.

Nikanyamaza. Kila Alkhamisi Bi Zuwena alikuja kwetu kunywa kahawa. Ananiuliza Nassor yuko wapi. Namwambia ofisini, mama. Anamuombea dua kwa bidii yake, mwanawe anavyohangaika. Mimi naitikia amin huku sikio liko mlangoni. Simu ikilia, naikimbilia kabla yeye hajainuka. Nilikonda mpaka watu wakauliza kama nina sukari. Nyumba yangu mwenyewe, na mlango uko wazi... lakini nilikuwa mfungwa ndani yake.

Siku moja Nassor alirudi bila ya kuimba. Nikampa chai, akaiweka chini bila ya kuionja. Sikumuuliza, alisema mwenyewe. Ilikuwepo ndege moja ambayo mkia wake ulitetemeka. Alipoigeuza kushoto ilikataa kurudi, ikawa inaanguka upande, na akairudisha kwa kudra ya Mungu tu. Mafundi waliitazama wasione kitu. Mwenye kampuni anaitaka haraka, mzigo umelala.

Nilimuuliza kama ataipanda tena. Alisema Alkhamisi ijayo.

Hapo nikashindwa. Kesho yake nilikwenda kwa mwalimu wangu wa Kurani, nikamuuliza habari ya yamini bila ya kutaja jina la mtu. Alinambia roho ya mtu ni kubwa kuliko kiapo, nivunje na nitoe kafara. Nikapika pilau, nikawapelekea vibarua maskini wa Hamriya. Nikitoka pale nikapita kumsalimia mdogo wangu. Badar alinisindikiza mpaka garini, ananitania kwamba nimekuwa mwembamba kama mwanamwari. Sikumwambia kitu. Kwa nini nimtie hofu? Nilikuwa nawaza mume wangu tu.

Jioni ile nilimwambia Bi Zuwena yote.

Alimwita mwanawe mbele yangu. Hakupaza sauti. Alimwambia, "Ukikipanda tena kile kitu, Nassor, radhi yangu huna. Si duniani wala akhera." Kisha akavaa buibui lake akaondoka.

Nassor hakunigombeza. Hakunisemesha hata kidogo. Alilala chumba cha wageni, anakula bila ya kunitazama. Mimi sikujali! Nilijua Alkhamisi atakuwa nyumbani. Nilikuwa na furaha, wasomaji wenzangu, naona haya kuiandika... Alkhamisi ile niliamka mapema nikakaanga sambusa, nikatia ubani nyumba nzima. Mume wangu yuko sebuleni anasoma gazeti. Nilikuwa nimemuokoa.

Saa za asubuhi Zamzam akanipigia simu. Alitaka kujua tu nimetia nini katika achari niliyompelekea. Tukazungumza, tukacheka. Kisha akasema kwa wepesi tu kwamba yuko peke yake, Badar ameitwa kujaribu ndege badala ya Nassor.

Niliiacha simu inaning'inia.

Nilikwenda sebuleni. Nikamuuliza Nassor kama alimwambia Badar habari ya ule mkia. Aliinua uso, na rangi yake ilikuwa imebadilika. Alisema ameiambia kampuni. Nikamuuliza tena, Badar je? Akarudia kwamba ameiambia kampuni, lakini huku tayari anatafuta ufunguo wa gari.

Tuliondoka bila ya viatu vya maana, mimi na kandambili za jikoni. Nassor anaendesha, mimi napiga simu ya Badar. Inaita, haipokewi. Napiga kampuni, imeshughulika. Tulipopita Rusayl tukakwama nyuma ya magari makubwa, malori yamejipanga, hakuna pa kupita. Nassor akawa anapiga honi kama mwendawazimu. Baada ya hapo njia ya jangwani, na simu ikakosa mawasiliano. Nilikuwa nasoma Ayatul Kursi, naikosea, naanza tena...

Tulipofika, lango lilikuwa limefungwa na mlinzi alikataa kutufungulia. Hakuwa na haja ya kusema. Nyuma yake, mbali kwenye mchanga, moshi ulikuwa unapanda wima. Hapakuwa na upepo hata kidogo siku ile.

Mdogo wangu alikuwa na miaka ishirini na tisa.

Sitaki kueleza mazishi. Mamangu alikuwa akiuliza tu nani atamfungulia mlango akija Badar. Zamzam alikaa ukutani macho makavu, wanawake wakimlazimisha anywe maji. Na Nassor ndiye aliyeingia kaburini kumpokea, ndiye aliyesimamia kila kitu. Watu walimsifu. Walisema si shemeji, ni ndugu wa damu.

Siku ya pili ya matanga alikuja mtu wa kampuni kutoa rambirambi kwa mamangu. Nilikuwa nimesimama ukumbini na sinia la kahawa. Alipomaliza kumpa mama pole, alimgeukia mume wangu, akamuuliza kwa huruma kabisa, "Na sikio lako, Bwana Nassor, linaendeleaje? Ulisema daktari amekukataza kuruka."

Sikio? Sikio gani?

Nilimtazama mume wangu. Yeye akatazama chini. Na pale pale, na sinia mkononi, nikafahamu. Hakuiambia kampuni kwamba ndege ni mbovu. Aliwaambia anaumwa na sikio!

Nilingojea matanga yaishe. Kisha nikamfungia mlango chumbani, nikamtaka aseme. Hakukana. Alisema aliporudi na ile ndege mara ya mwanzo, aliwaambia mafundi kwamba mkia una mtikisiko kidogo. Kidogo! Hakuwaambia kwamba karibu afe, maana watu wangesema Nassor amezeeka, mikono imekwisha. Alipokatazwa na mama yake akaona haya zaidi. Mwanamume mzima, baba wa watoto, aseme mamangu amenikataza? Au aseme nimeogopa? Ndiyo akatafuta maradhi. Alidhani wataiweka ndege mpaka apone. Hakujua watamwita Badar.

"Nisingeweza kulitamka lile neno, Mama Ahmed," aliniambia. "Miaka yote hiyo, mimi ndiye nisiyeogopa."

Nilimpiga. Sijawahi kumpiga mtu maishani mwangu. Aliiacha mikono yake chini mpaka nikachoka.

Mtasema, kwa nini hukumuacha? Ningemuacha niseme nini? Ningeomba talaka, mamangu angeuliza sababu. Ningesema sababu, ningemuua mama mara ya pili. Maana mamangu alihamia kwetu baada ya msiba, na Nassor ndiye aliyempeleka hospitali, ndiye aliyemnunulia dawa, ndiye aliyemshika mkono kwenye ngazi. Kila siku mama alimuombea. Alinambia nimshukuru Mungu kwa kuniachia mume kama huyu. Nami naitikia amin... Mara hii hapakuwa na mwalimu wa kunambia nitoe kafara.

Miaka mitano niliishi hivyo. Kitanda kimoja, kila mtu ameelekea ukuta wake. Nassor hakugusa ndege tena. Aliacha hata kuinua macho zikipita. Watoto wakakua wakidhani wazazi wao ni watu wa kimya tu.

Mwaka jana Zamzam alikuja kuniambia kwamba amepata mchumba, mtu wa Sohar, na kabla ya kukubali anataka ridhaa yetu. Alikuwa bado anatuheshimu sisi kama watu wa mumewe! Siku ya kwenda kumsaidia kufunga vitu vyake kule Hamriya, nikaona siwezi kumuacha aingie nyumba mpya na uongo wetu. Chini mashine za washonaji zinanguruma, sisi tunakunja mashuka. Nikamwambia. Nilimwambia yote, mkia, mama mkwe, sikio.

Zamzam aliendelea kukunja shuka lile mpaka likawa dogo kabisa.

"Badar alijua, wifi," akasema.

Sikumfahamu.

Akaniambia kwamba fundi mmoja alikuwa amemnong'oneza Badar kwamba ndege ile imemtisha Nassor, na kwamba hilo sikio ni kisingizio. Asubuhi ile Badar alikunywa chai amesimama, anacheka. Alimwambia mkewe kwamba leo ataitoa ndege iliyomshinda bingwa, na akirudi atakwenda kwa shemeji yake kumtania. Miaka yote alikuwa mtoto wa miguuni pa Nassor. Siku ile alitaka kuwa yeye wa mwanzo.

"Na mimi nikamwambia aende salama," Zamzam akasema. "Nilitaka kumwambia asiende. Alikuwa amefurahi sana, nikachelea kumharibia siku yake."

Ndiyo maana macho yake yalikuwa makavu matangani. Alikuwa amebeba lake, mimi nimebeba langu, na tulikuwa tukitembeleana kila Idi!

Tulilia siku ile mpaka washonaji wakazima mashine chini wakatusikiliza.

Nilirudi nyumbani nikamwambia Nassor. Alilia kwa mara ya mwanzo tangu msiba, kilio cha kukoroma kama mtu anayezama. Kisha akainuka mwenyewe, akaenda kwa mamangu, akapiga magoti, akasema neno lile aliloshindwa kulisema wakati ule. Alisema aliogopa.

Mamangu akainuka. Alifunga nguo zake akaniomba nimpeleke kwa dada yake. Huko ndiko anakokaa mpaka leo. Akija kwetu Idi humpa Nassor mkono, humuuliza hali, lakini hagusi chakula cha nyumba yangu. Sijui kama atakufa ametusamehe. Bi Zuwena naye, tangu alipojua, hajataja tena habari ya radhi. Husema ni yeye aliyemtoa mwanawe akamtia mtoto wa mwenziwe. Namwambia si kweli. Hanisikii.

Mimi na Nassor bado tuko pamoja. Sitawadanganya kwamba tumependana upya. Lakini siku hizi usingizi unanijia, maana hakuna tena kitu ndani ya nyumba hii ambacho mtu anakizunguka asikiguse.

Wasomaji wenzangu, nimekaa nikahesabu waliojua. Mume wangu alijua. Fundi alijua. Badar alijua, Zamzam akajua, mama mkwe wangu akajua, na mimi nikajua. Sote hao! Na ndege ikaruka. Kila mmoja alilikata jambo kipande kilichomfaa yeye. Mmoja akaficha hofu, mmoja akatafuta sifa, mmoja akachelea kuudhi. Na mimi nilitaka wangu tu atoke. Sikuuliza hata mara moja nani atakaa pale atakapotoka yeye.

Nakuombeni, msikubali kuapishwa kabla ya kujua mnaapia nini. Na ninyi wanaume, neno la kuogopa halimpunguzi mtu kitu... semeni, tukuzikeni mkiwa wazee. Lakini zaidi nakuomba wewe uliye na mume, kaka au mtoto kwenye kazi ya hatari. Iwe ndege, iwe gari lisiloshika breki, iwe jengo lenye nyufa. Usimvute wako ukashukuru ukaenda zako. Kiti hakibaki kitupu. Yupo mtu ataitwa asubuhi, atakunywa chai yake amesimama, na atakwenda.

Mimi nilisema, mume wangu asiipande. Ilinipasa niseme, ndege hii isiruke.